Nisipopokea, Usinisubiri

Dada wa mapokezi aliandika jina langu kwenye kompyuta, kisha akauliza mtoto ana umri gani.

"Bado hajazaliwa," nikamjibu.

Akanitazama usoni, akashuka hadi tumboni, akarudi usoni. "Sasa dada, hapa ni kwa watoto. Kliniki ya wajawazito ipo ghorofa ya pili."

"Najua. Nataka kumwona daktari wa watoto."

"Mgonjwa nani?"

Nyuma yangu akina mama walikuwa wamepanga foleni, wengine wakiwapigapiga watoto mgongoni. Kompyuta ilikuwa inagoma kuendelea bila jina na umri wa mgonjwa. Mwisho dada wa watu akaamua: mgonjwa ni mimi, umri miaka 33. Nikalipa Sh 40,000, nikaenda kukaa kwenye kiti kidogo chekundu chini ya picha ya twiga aliyevaa miwani. Siku hiyo hakuna mgonjwa wa daktari wa watoto aliyenizidi umri.

Ilikuwa Februari 2024, na mimba ilikuwa na wiki 30.

Wazo la kumtafuta daktari wa mtoto kabla mtoto hajazaliwa nilipewa na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anaishi Minnesota. Alinieleza mara ya kwanza mwaka 2018, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Kule, alisema, ukienda kujifungua wanakuuliza jina la daktari wa mtoto, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinawashauri wazazi wakaonane naye tangu miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Nilicheka. Nikamwambia sisi huku tunachagua fundi wa kushona gauni la arobaini. Daktari wa mtoto ni yeyote utakayemkuta zamu.

Na sikuwa namdanganya. Watoto wengi wa nchi hii wanakua bila kumwona daktari bingwa hata mara moja. Wanapimwa uzito na kuchanjwa na muuguzi, wakiumwa wanatibiwa na tabibu wa zahanati, na wengi wao wanakua vizuri tu. Kadi ya kliniki inatunzwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa, maisha yanakwenda.

Mara ya pili aliponiambia, sikucheka.

*

Mtoto wangu wa kwanza ana jina la baba mkwe wangu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Babu. Alizaliwa na kilo 3.1, akalia papo hapo. Kesho yake tukaruhusiwa. Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Tanga kuja kuniangalia uzazi, na chumba alikuwa amekiandaa kama anavyojua yeye: pazia zimeshushwa, uji wa pilipili manga uko kwenye chupa, maji ya kunikanda yanachemka uani. Kwetu mzazi na mtoto wake wanakaa ndani. Mwanga wetu ulikuwa wa taa moja ya dari.

Siku ya tatu, wakati namnyonyesha, niliona kama weupe wa macho yake umebadilika. Nikasema ni taa. Siku ya nne nikamsogeza dirishani, nikanyanyua pazia. Macho yalikuwa ya manjano, na nilipomvua fulana, kifua nacho kilikuwa na rangi ambayo hakuzaliwa nayo. Nikamwita Mama.

"Hiyo kawaida, mwanangu," akasema. "Baba yake naye alikuwa hivyohivyo. Mtoe juani asubuhi."

Tukamtoa. Saa 1 asubuhi, dakika kumi, uani, amefunuliwa kifua na miguu. Lakini moyo haukutulia, na mchana wa siku ileile nikampeleka hospitali. Muuguzi wa zamu alimwangalia nikiwa nimempakata, amezungushiwa kanga mbili, chini ya taa ya korido. Akasema maneno yaleyale: kawaida, nyonyesha, mtoe juani. Alikuwa amechoka, na nyuma yangu watu walikuwa wengi. Mdomoni nilikuwa na sentensi moja: "Lakini sista, leo ananyonya kidogo kuliko jana." Nikaimeza. Nilikuwa na miaka 27, na umama wangu ulikuwa na siku nne. Watu wawili wanaojua kuliko mimi walikuwa wamesema kitu kimoja.

Siku ya tano Babu alilala tu. Tukamsifu kwa usingizi. Siku ya sita alilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia, na mgongo wake ukapinda kwa nyuma kama upinde. Tulipomfikisha hospitali kubwa, walimweka chini ya taa ya bluu, kisha wakambadilisha damu. Aliishi.

Baadaye nilisoma kila nilichoweza kukipata. Rangi ile inatokana na kitu kinachoitwa bilirubini, ambacho hubaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la kichanga bado halijazoea kazi ya kukitoa, ndiyo maana watoto wengi wanapata manjano kidogo siku za kwanza na yanaondoka yenyewe. Kwa hiyo Mama na yule muuguzi walikuwa wakisema jambo ambalo mara nyingi ni kweli. Ila bilirubini ikizidi sana inapenya hadi kwenye ubongo, na hapo inaharibu zaidi sehemu za kusikia na za kuongoza misuli. Ikishaharibu, imeharibu.

Babu alianza kutembea akiwa na miaka mitatu. Nyumba yetu ya Temeke imepakana na msikiti, na kipaza sauti kiko usawa wa dirisha letu. Watoto wa wapangaji wenzetu walikuwa wakishtuka kwa adhana ya alfajiri, wa kwangu analala. Tulimwita mtoto mtulivu. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu tulipompeleka kupimwa masikio, na siku hiyo nikajua kwamba utulivu ule haukuwa utulivu.

Sasa anasoma shule ya viziwi Buguruni. Anachora magari, ana wivu, anajua kudanganya kwa Lugha ya Alama kuliko mimi ninavyojua kusema kweli kwayo. Sisemi haya ili mtu amwonee huruma. Ila kuna ulemavu mtoto anaozaliwa nao, na kuna ulemavu unaoingia ndani ya nyumba siku ya tano mchana, watu wazima watatu wakiangalia.

*

Mimba ya pili ilipofikisha miezi saba, mimi na mume wangu tukakaa na karatasi. Yeye aliandika majina aliyopewa kazini. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha. Kila daktari nchini lazima asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika, na anayejiita bingwa wa watoto anatakiwa awe amerudi chuoni baada ya shahada ya kwanza na mafunzo kazini; pale Muhimbili masomo hayo ya ubingwa ni miaka mitatu. Tukapunguza majina hadi matatu. Fedha ilikuwa ya kubana, na nilijua kwamba hata kuwa na majina matatu ya kuchagua ni bahati ambayo mama wa kijijini kwetu hana.

Wa kwanza ndiye yule wa kliniki ya twiga. Mzee mwenye jina kubwa, mikono safi, saa ukutani nyuma yake. Nilipomaliza kueleza akauliza, "Sasa mama, unataka nimtibu nani?" Hakukusudia ubaya. Akaniambia mtoto akizaliwa salama hakuna sababu ya kuleta shida ambayo haipo, na akizaliwa na shida nimpeleke. Dakika tano zikaisha. Nikiwa mlangoni akaniita: "Jifungulie mahali penye maabara inayopima bilirubini na penye taa. Hilo tu." Nilitoka nimekasirika, lakini neno lile nililibeba, na lilikuja kunifaa kuliko nilivyotegemea.

Wa pili alikuwa kijana, mcheshi, ana wafuasi wengi Instagram. Nilimpenda. Alijibu kila swali kabla sijalimaliza. Utanipigia saa 24, mama. Usijali, mama. Manjano tunayamudu siku hizi, mama.

"Na usipopokea simu?" nikauliza.

Akacheka. "Napokea."

Usiku ule nikamtumia ujumbe WhatsApp, swali dogo tu kuhusu kundi langu la damu. Alama mbili za bluu zikatokea saa 3 usiku. Jibu lilikuja kesho yake adhuhuri: kidole gumba. Sikumlaumu. Ana wagonjwa, ana watoto wake, ana usingizi wake. Lakini nilikuwa nimeshaishi na watu wema walionihakikishia kwamba hakuna tatizo.

Wa tatu alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa Tandika. Mchana anafanya kazi hospitali ya serikali, jioni anafungua pale. Hakuna picha za wanyama, kuna mzani, kitanda kidogo na feni inayolia. Nilimkuta anakunywa chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki. Mwanamke wa makamo, sauti ya chini.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wa ngapi huyo?"

"Wa pili."

"Wa kwanza hajambo?"

Wale wawili wa mwanzo hawakuwa wameniuliza. Nikaanza kumweleza nikidhani nitatumia dakika mbili, kama nilivyozoea. Akawa ananikatiza, lakini kwa maswali.

"Manjano uliyaona siku ya ngapi?"

"Ya tatu. Lakini sikuwa na uhakika."

"Uliyaona mwenyewe, hukuambiwa na mtu?"

"Mwenyewe."

"Ukamwambia nani?"

Nikamwambia kuhusu Mama, kuhusu korido, kuhusu muuguzi. Na ile sentensi niliyoimeza, ambayo hata mume wangu sikuwa nimewahi kumwambia, nikaitamka mbele ya mtu niliyemjua kwa robo saa.

Akaweka kikombe chini. "Hilo ndilo ningetaka kulisikia," akasema. "Mtoto mwenye manjano, anayenyonya kidogo kuliko jana, harudishwi nyumbani."

Hakuniambia kwamba haikuwa kosa langu. Wengi wameniambia hivyo na haijanisaidia kitu. Alisema tu kwamba nilikuwa nimeona sawasawa.

Kisha akaja na maswali yake. Kundi langu la damu, la mume wangu. Kama kwenye ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuishiwa damu ghafla au kukojoa mkojo wa rangi ya Coca-Cola baada ya kumeza dawa. Na swali moja lililonishangaza: nguo za Babu za uchanga zilitunzwa wapi kabla hajazaliwa?

"Kwenye sanduku la bati la mama mkwe," nikasema. "Zilikuwa za wajukuu wengine. Alizifua akaja nazo."

"Sanduku lina vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu?"

Lina. Nilikumbuka harufu.

Akanieleza taratibu. Kuna kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho kazi yake ni kulinda chembe nyekundu za damu. Watu wenye upungufu wake wako wengi mahali ambapo malaria imekaa vizazi na vizazi, na pwani yetu imo. Mtu anaweza kuishi nao miaka yote bila kujua, mpaka akutane na kitu kinachozivunja zile chembe kwa wingi: dawa fulani, primaquine kwa mfano, au mvuke wa naftalini, ambayo ndiyo vile vidonge vyeupe. Kwa kichanga, chembe nyingi zikivunjika kwa pamoja, bilirubini inapanda kwa kasi ambayo ini haliiwezi. "Mlete kaka mtu tumpime," akasema. "Tukijua ya kwake, tunajua tumsubiri vipi mdogo wake."

"Kwa hiyo ni zile nguo?"

"Inawezekana. Inawezekana pia si zile nguo. Miaka sita imepita, sitakudanganya kwamba najua."

Akanifundisha kumtazama mtoto mwenye ngozi yetu. Usimtazame usiku, mtazame kwa mwanga wa mchana, dirishani. Bonyeza ngozi kwa kidole kwenye paji la uso, achia, angalia rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Akanibonyeza mimi paji la uso ili nielewe. Rudia kifuani, rudia miguuni, kwa sababu manjano yanashuka kutoka kichwani kwenda chini kadiri yanavyozidi. Angalia fizi, viganja, nyayo.

Ndipo akachukua kadi, akaandika namba yake ya simu, na chini yake mistari mitatu. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza. Manjano yaliyofika viganjani au nyayoni. Mtoto anayelala mno au asiyetaka kunyonya.

"Ukiona moja kati ya haya, nipigie," akasema. "Nisipopokea, usinisubiri. Mchana niko wodini na simu iko kabatini. Usiku nalala kama watu. Wewe nenda hospitali, utanipigia tena ukiwa huko. Na usije hapa. Hapa sina taa wala maabara."

Nikashuka ngazi nikapita kwenye duka la dawa hadi barabarani. Mume wangu alikuwa ananisubiri kwenye bajaji.

"Vipi?"

"Ni huyu."

"Kwa nini?"

Nikamwambia, kwa sababu ameniambia la kufanya asipokuwepo.

*

Majibu ya Babu yalitoka baada ya wiki moja. Kimeng'enya kilikuwa chini. Daktari akanieleza kwamba upungufu huo unarithiwa kwa mama, ambaye mara nyingi hubeba bila kuumwa, na kwamba kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa kiume.

Nilikaa na karatasi ile siku mbili kabla ya kumwonyesha mtu. Miaka sita nilikuwa nimegawa lawama ndani ya kichwa changu: fungu la yule muuguzi, fungu la Mama, fungu langu la kunyamaza. Sasa likaongezeka jingine, na hilo nalo lilikuwa langu. Nilitaka kumpigia daktari nimwambie kitu, sikujua nini.

Mama alikuja mwezi Machi, na sanduku lilelile la bati. Alipolifungua sebuleni, harufu ikajaa nyumba nzima. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri, juu yake kofia ya sufi aliyoifuma mwenyewe. Vidonge vyeupe vilikuwa kwenye pembe nne, vimefungwa kwenye vipande vya kanga.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa upole. Nikasema vibaya. Nikaanza na kimeng'enya, nikaenda kwenye damu, nikarudi kwenye vidonge, na nilipofika kwenye neno "Babu" nikaona mikono yake imesimama juu ya kofia.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Daktari hajasema hivyo, Mama. Amesema hajui. Na huo upungufu umetoka kwangu."

Hakunijibu. Akainuka, akaenda jikoni. Nikamsikia anawasha jiko.

Usiku ule, usingizi ukiwa umekataa, nilikuwa nasoma kwenye simu nikakutana na habari ya muuguzi mmoja wa Uingereza. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, Sister Ward alikuwa akisimamia wodi ya watoto njiti, na alikuwa na desturi ya kuwatoa uani wapate jua. Siku moja akawaonyesha madaktari kichanga ambaye manjano yake yalikuwa yamepauka mwili mzima isipokuwa kwenye pembetatu moja ya ngozi, mahali ambapo shuka lilikuwa limemfunika. Kutoka hapo wenzake wakatengeneza taa, na mwaka 1958 matokeo yao yakachapishwa kwenye jarida la Lancet. Taa ya bluu aliyowekewa Babu asili yake ni pale, kwa muuguzi aliyetazama mtoto vizuri na madaktari waliomsikiliza.

Asubuhi nikamkuta Mama uani. Alikuwa ametupa vile vidonge, amefua nguo zote kwa maji ya moto, na sasa alikuwa anazifua tena. Nikamweleza habari ya Sister Ward. Akasikiliza huku anasuuza.

"Kumbe jua lilikuwa kweli?"

"Kweli, Mama. Halikutosha tu." Dakika kumi za asubuhi ni chache mno, na huwezi kumweka kichanga uchi juani siku nzima bila kumuunguza au kumpa baridi. Taa inakaa saa zote, na wanapima damu kujua kama inashuka.

Akakamua kofia ya sufi, akainusa, akaitupa kwenye ndoo tena. "Hii nitafuma nyingine," akasema.

*

Mtoto alizaliwa Aprili 2024, alfajiri, mvua za masika zinanyesha. Daktari alikuwa amenipa barua ya kurasa moja kuwapa wahudumu wa hospitali: kaka yake alipata madhara ya ubongo kutokana na manjano, ana upungufu wa G6PD, tafadhali apimwe bilirubini kabla hajaruhusiwa. Walimpima. Ilikuwa chini. Tukaambiwa turudi baada ya siku mbili.

Chumbani safari hii pazia zilikuwa wazi. Mama mwenyewe ndiye aliyezifungua.

Siku ya tatu, saa 11 jioni, mvua ikiwa imepisha jua kidogo, nilimsogeza dirishani nikambonyeza paji la uso. Manjano. Kifua, manjano. Nikamgeuza nyayo, nikabonyeza kisigino, nikaachia. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno, akaanza kupanga nguo kwenye mkoba.

Nikampigia daktari. Simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Mara ya nne ilipokata, mume wangu alikuwa ameshaleta bajaji.

Hospitalini muuguzi alimwangalia akasema, kwa sauti ya mtu mwema aliyefanya kazi tangu asubuhi, "Mama, watoto wengi wanakuwa hivi. Maabara inabadilisha zamu sasa hivi. Mnyonyeshe, asubuhi tutampima."

Taa ilikuwa ya korido. Nyuma yangu kulikuwa na watu.

"Sista," nikasema, "leo ananyonya kidogo kuliko jana. Nyayo zimefika manjano. Kaka yake ni kiziwi kwa sababu ya jambo hili hili. Naomba apimwe sasa."

Nilikuwa natetemeka hadi mtoto akatikisika. Nikampa nakala ya barua. Akaisoma yote, akasogea naye karibu na taa, akamfunua miguu. Kisha akasema, "Njooni huku," akatembea haraka kuliko nilivyotegemea kwa mtu aliyechoka.

Namba ilikuwa juu. Haikuwa imefika pa kubadilishwa damu. Saa 2 usiku alikuwa chini ya taa, uchi, amebaki na nepi, amefungwa kitambaa machoni, mwili wote bluu.

Saa 3 na nusu simu ikaita.

"Nimeona simu zako nne," daktari akasema. "Uko wapi?"

"Wodini. Yuko kwenye taa."

"Namba ngapi?"

Nikamsomea. Akanyamaza kidogo.

"Vizuri," akasema. "Mnyonyeshe kila baada ya saa mbili hata kama amelala. Kesho jioni nitapita."

Alipita, amebeba mkoba wa soko wenye mchicha. Alimtazama mtoto, akatazama karatasi za vipimo, akazungumza na muuguzi yuleyule kwa heshima, akaondoka. Yote alichukua robo saa. Kazi yake kubwa alikuwa ameshaifanya mwezi wa pili, kwenye chumba chenye feni inayolia, mgonjwa akiwa bado hana jina.

Siku ya tatu ya taa, bilirubini iliposhuka na kubaki chini, tukaruhusiwa. Baadaye alipimwa akakutwa na upungufu uleule wa kaka yake. Sasa tuna orodha ya dawa asizopaswa kupewa wote wawili, imebandikwa mlangoni mwa friji, na kwenye kadi zao za kliniki imeandikwa kwa wino mwekundu.

Babu hakuwa amemwona mdogo wake isipokuwa kwenye picha za simu, akiwa bluu na kitambaa machoni. Tulipofika nyumbani alimzunguka, akamnusa, akamgusa vidole. Kisha akaniuliza kwa mikono: anasikia?

Nikamjibu kwamba bado hatujampima.

Akaenda jikoni, akarudi na mfuniko wa sufuria na mwiko. Mama mkwe wangu, ambaye katika arobaini huwa hataki hata mlango upigwe kwa nguvu, alimwona akija na hakuinuka. Babu akasimama nyuma ya kichwa cha mdogo wake, akapiga mara moja.

Mtoto akatupa mikono hewani, akaachama, akalia.

Babu alimtazama yule mdomo ulio wazi, akanitazama mimi kuhakikisha. Nikatikisa kichwa kumkubalia. Akacheka, akapiga tena, na hakuna mtu aliyemwambia aache.